Magoti Niliyomkataza Odilia

Kabla ya kuandika neno la kwanza nimekikagua kiti. Miguu inafika chini, makalio yamesukumwa hadi nyuma kabisa, na kitenge kilichokunjwa kimekaa pale kiuno kinapoingia ndani. Najua kuna mmoja wenu, simtaji, angefurahi sana kunikuta nimejikunja kitandani na daftari mapajani. Asahau. Nimestaafu, lakini nawajua, na mlango nimeufunga.

Wadogo zangu wa idara ya mazoezi ya viungo, mlipoomba niwaandikie habari za kazini hospitalini nadhani mlitaka kujua nani alipandishwa cheo na nani alimchimba nani. Hayo nayaacha, maana wengine bado wanakula mshahara na wengine wameshakuwa wakwe zangu. Nitawaandikia habari ya chumba chetu, ya Mzee Polikarpo aliyenifundisha kazi, na ya mwanamke mmoja ambaye nusura nimvunjie nyumba kwa ushauri safi kabisa wa kitabuni.

Nilifika Sumbawanga mwezi wa sita, nikitoka chuoni, na koti moja jepesi. Mimi ni mtoto wa Chala, mkoa huohuo, Mfipa kwa baba na mama, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Baridi ya huku niliijua. Ila miaka mitatu ya joto ilikuwa imenidanganya, na upepo wa stendi ukanikumbusha nilikotoka kabla hata sijashusha begi. Siku ya kwanza kazini nilivaa fulana, shati, sweta mbili na koti jeupe juu yake, nikawa na umbo la mama mtu mzima mwenye mashine ya kusaga. Wagonjwa waliniamkia kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata tena nilipovua sweta.

Chumba cha mazoezi kilikuwa stoo zamani. Kulikuwa na kitanda cha mbao kilichopigwa na fundi ambaye bila shaka hakuwahi kulala kitandani, kioo kirefu chenye ufa unaomkata kila mtu kiunoni, kamba na kapi ya kuinulia mikono iliyopooza, taa moja ya joto iliyowaka ilipojisikia, na rundo la mablanketi yaliyochoka kutumika wodini. Na kwenye dirisha, juu ya kigoda, alikaa Mzee Polikarpo na kofia yake ya sufu.

Kwenye karatasi za ofisi Mzee Polikarpo alikuwa mhudumu. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa amefagia chumba kile na kushika miguu ya wagonjwa kwa miaka mingi, chini ya wataalamu waliokuja na kuondoka, na kila mmoja alimwachia kitu alichokijua. Mimi nilikuja na cheti kipya ndani ya bahasha ngumu, na nia ya kumfundisha. Niliweka meza yangu ikitazamana na mlango, kama nilivyoona kwa wakubwa. Yeye akainuka taratibu, akaisogeza meza hadi dirishani, akarudi kukaa.

"Shikamoo Mzee," nikasema, "mbona umeihamisha?"

"Marahaba, mwanangu. Hapo mlangoni utaona heshima tu. Mtu akishakuona wewe, anajikaza. Maumivu anayaacha nje."

Dirisha lile lilitazama njia ya kutoka getini, na hapo ndipo nilipoanza kusoma upya. Unamwona mtu anavyoshuka kwenye baiskeli, mkono gani unamshikia kiuno, anavyopita juu ya mtaro, anavyokaa kwenye benchi. Mzee Polikarpo alikuwa akinisomea kama anasoma tangazo. "Huyu ni mguu wa kushoto. Huyu ni kiuno kweli. Yule wa kaunda suti ameanza kuchechemea baada ya kuona kibao chetu, huyo anataka karatasi ya mapumziko." Wadogo zangu, nimesikia dirisha hilo mmeliwekea pazia zito kwa sababu ya jua kwenye kompyuta. Sisemi kitu. Nimesema tu kwamba nimesikia.

Wagonjwa wa kiuno walikuwa wengi kuliko wote, na kila mmoja alikuja na jibu lake mfukoni. Wanaume walikuwa na ngiri. Wasiokuwa na ngiri walikuwa na figo. Wanawake waliambiwa ni baridi iliyoingia wakati wa uzazi, na kwa kuwa huku baridi haitoki, basi na ugonjwa haukutegemewa kutoka. Nilijifunza kutobishana. Niliuliza kwanza yale ambayo lazima yaulizwe: ganzi mapajani au kati ya miguu, mkojo kukataa au kujitokea, homa, kukonda, mguu kukosa nguvu, kuanguka. Mwenye lolote katika hayo sikumgusa, nilimpeleka kwa daktari mkono kwa mkono. Waliobaki, na ndio wengi, walikuwa na mgongo mzima ulioachwa mkao mmoja kwa muda mrefu mno.

Mzee Salumu, kwa mfano, alikuwa na duka la jumla pale mjini. Alikaa juu ya kreti la soda tangu swala ya alfajiri mpaka magharibi, kila kitu kikiwa karibu na mkono wake: sukari, chumvi, mizani, redio. Nilimwambia asimame kila mteja anapoingia. Alinitazama kwa huruma. "Nikisimama kila mtu akiingia, binti yangu, wataona nina njaa nao." Basi sikumwambia tena asimame. Nilimwomba mke wake ahamishie gunia la sukari mwisho wa duka. Kwa mwezi mzima Mzee Salumu alitembea kwenda kupima sukari huku akilalamika kuhusu wanawake wanaohamisha vitu, na kiuno kikapoa. Mpaka leo familia yake inaamini aliponywa na mafuta ya habasoda.

Kwa Salumu nilipatia, na kupatia kukanipandisha kichwa. Hapo ndipo, mwaka uliofuata, alipokuja Odilia.

Aliletwa na mama mkwe wake kutoka kijiji kimoja kwenye njia ya Muze, kabla barabara haijaanza kuteremka kwenda bondeni. Odilia alikuwa na watoto watatu na mume dereva wa lori aliyebeba mpunga kutoka Mtowisa. Kiuno kilimshika wakati wa kufukia nyasi kwenye matuta, na kwa miezi miwili hakikumwachia. Mama mkwe, Bibi Gaudensia, alikuwa mjane wa katekista. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, na mdomo wake pia. Alibaki kwenye benchi la nje. Mimi, kama nilivyolelewa, nilitoka mlangoni nikapiga magoti mbele yake, nikapiga makofi polepole, nikamwamkia. Akaitikia vizuri. Nikainuka, nikapangusa vumbi magotini, nikaingia ndani na mkwe wake, nikafunga mlango.

Nilimpima Odilia kwa uangalifu wote. Hakukuwa na dalili mbaya. Kisha nikamkariria masharti kama yalivyokuwa kwenye daftari langu la chuo, ambako mgonjwa wa kiuno alitakiwa kulindwa kama yai. "Usiiname. Usichuchumae. Usipige magoti. Usinyanyue ndoo. Kitu kikianguka, mtume mtoto akiokote. Wiki sita, halafu urudi."

"Ndiyo, dada," akasema Odilia. Nikafurahi jinsi alivyokuwa msikivu.

Walipoondoka, Mzee Polikarpo alikuwa bado dirishani.

"Yule wa kwenye benchi umemwona?"

"Nimemwamkia."

"Sikuuliza hivyo," akasema, akachukua ufagio.

Wiki sita zilipita, Odilia hakuja. Nikaandika kwenye jalada kwamba labda amepona, jambo tunaloandika sana tusipojua kitu. Alikuja baada ya miezi karibu mitatu, asubuhi ya upepo mkali, peke yake. Mzee Polikarpo aliniita dirishani. Odilia alikuwa akitembea mzimamzima, bega na nyonga vikienda pamoja, na alipofika kwenye benchi hakukaa. Alisimama akiegemea ukuta.

Ndani hakuniamkia kwa magoti. Alisema shikamoo akiwa wima, kisha machozi yakamtoka. Kiuno kilikuwa kimekakamaa kuliko mwanzo, na hilo, wadogo zangu, ni kosa langu la kwanza. Mwili usiotembezwa haulindwi, unaganda. Lakini hakuwa analilia kiuno.

Alikuwa amefuata masharti yangu yote. Asubuhi ya kwanza baada ya kutoka kwangu alimletea mama mkwe wake maji ya kunawa, akasimama, akasema shikamoo mama, akiwa wima. Bibi Gaudensia akadhani ni usingizi. Asubuhi ya pili hivyohivyo. Wageni walipokuja, wima. Mjomba wa mume alipokuja kutoka mbali, wima. Mwisho wa mwezi Bibi Gaudensia aliuliza mbele ya majirani kama mwanawe alioa mke au mlingoti wa bendera. Sasa wazee wa ukoo walikuwa wamepanga kikao. Odilia angeomba radhi kwa magoti kama inavyotakiwa, au angerudishwa kwao bondeni. Watoto wangebaki.

"Kwa nini hukumwambia mama kwamba ni hospitali?" nikauliza.

Alifuta macho kwa kanga, akanitazama kama mtu anayeongea na mtoto. "Nimwambie mama nimekatazwa kumpigia magoti? Nimekatazwa na nani? Na wewe uliyempigia palepale mlangoni, akakuona?"

Mzee Polikarpo alisaidia, maana hakuwahi kuacha jeraha bila kulitia chumvi kidogo.

"Na chooni, mwanangu," akaniuliza, "kwa huko kwetu kijijini, ulimwambia aende vipi?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, tena kwenye baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa saba. Mimi mtoto wa Chala, niliyefundishwa kupiga magoti kabla ya kufundishwa kuhesabu, nilikuwa nimeyakariri magoti katika orodha ya vitu vya kuacha, katikati ya kuchuchumaa na ndoo. Nilikuwa nimepiga yangu muda huohuo. Wala sikuona kitu.

Nikakimbilia kalamu. Nikamwambia nitaandika barua, nitaipiga muhuri, wazee wataisoma.

"Barua haipigi magoti, dada," Odilia akasema.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na saba. Odilia alikuwa na shangazi mtaa wa sokoni, akahamia kwake kwa kisingizio cha sindano. Mzee Polikarpo akavuta lile rundo la mablanketi, akayakunja saba, akayapanga sakafuni kama ngazi moja nene. "Leo atashukia hapa," akasema. "Kesho kutwa tunatoa moja."

Nawaandikia jinsi tulivyofanya, kwa sababu nimeona baadhi yenu mnamwonyesha mgonjwa picha kwenye simu na kumwambia akajaribu nyumbani. Kwanza tulimfundisha kusogeza nyonga. Asimame hatua moja mbele ya ukuta, mikono mapajani, asukume makalio nyuma mpaka yaguse ukuta, magoti yakilegea kidogo, mgongo ukibaki mrefu. Ndivyo mtu anavyokaa kwenye kigoda, hakuna ajabu. Kisha mguu mmoja unarudi nyuma, goti lile linashuka taratibu mpaka kwenye blanketi, kiganja kikibaki juu ya paja la mbele. Halafu goti la pili. Kupanda ni kinyume chake: mguu wa mbele kwanza, unyayo mzima chini, kiganja kisukume paja, pumzi itoke, mwili upande wima. Watu wengi wa kiuno huumia kwenye kuinuka, kwa sababu hutanguliza kichwa na kuuvuta mgongo kama ndoo ya kisimani.

Siku za kwanza alitetemeka, akawa anaganda katikati, akisubiri kitu kikatike. Hakuna kilichokatika. Nilimwambia maumivu ya kukakamaa hayana maana kwamba kitu kinavunjika, nikamwambia tena, na siku ya tatu nikaona anaanza kuniamini, ingawa sikuwa nimestahili. Alitembea asubuhi na jioni, kwanza mpaka sokoni, baadaye mpaka mwisho wa mji na kurudi. Usiku alilala ubavu na mto kati ya magoti. Na kwa ajili ya shamba tulimpa mpini wa ufagio awe analima sakafu yangu, mguu mmoja mbele, akibadilisha miguu, na kila baada ya "tuta" asimame, aweke mikono kiunoni na ajinyooshe kwa nyuma.

"Watasema nahesabu mawingu," akasema.

"Waambie yametimia," akajibu Mzee Polikarpo.

Kwenye blanketi la tatu ndipo tulipogundua tatizo la makofi. Kushuka alikuwa anashuka vizuri, lakini alipoanza kupiga makofi ya kuamkia alijipinda mbele, kiuno kikamkamata. Ikabidi tufanye mazoezi na mtu wa kuamkiwa. Mzee Polikarpo akavaa kanga yangu mabegani, akakaa kwenye kiti changu, akabinua mdomo. Alikuwa mama mkwe mbaya kuliko wote niliopata kuwaona. "Mh," alikuwa akisema. "Umeamka? Na huo moshi jikoni ni wa uji au wa nyumba?" Odilia alicheka akiwa amepiga magoti, na alipocheka, mgongo uliachia. Nililiona hilo waziwazi, na kwa miaka yote iliyofuata nilijitahidi mgonjwa wa kiuno acheke mara moja kabla hajatoka. Kwenye kitabu cha chuo halikuwemo.

Siku ya kumi na sita blanketi la mwisho likatolewa. Odilia akashuka hadi kwenye sakafu ya saruji, akapiga makofi, akaamkia, akainuka. Nikapiga vigelegele. Nilijiona nimelipa deni.

"Kesho unakwenda naye," akasema Mzee Polikarpo.

"Mimi? Ni mambo ya ukoo, Mzee."

"Aliyemkataza ni nani?"

Nilikwenda. Tulipanda pikapu pamoja na madebe ya mafuta na mama mmoja aliyebeba bata. Kikao kilikuwa sebuleni kwa Bibi Gaudensia: wazee watatu kwenye viti, yule mjomba kutoka mbali akiwa wa katikati, mume wa Odilia pembeni akichunguza viatu vyake, na Bibi mwenyewe kwenye kigoda, ameegemea ukuta. Watoto watatu walikuwa mlangoni. Mkubwa alikuwa amembeba mdogo, na wote walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Nilipowaona nikatamani nirudi kwenye pikapu.

Odilia akaenda mbele ya mama mkwe wake. Makalio nyuma, mguu nyuma, goti, goti la pili. Mgongo ukabaki mrefu. Akapiga makofi, akaomba radhi kwa sauti ya kawaida, akaamkia. Bibi Gaudensia akaitikia kwa shida. Kisha mguu wa mbele, kiganja kwenye paja, pumzi, juu. Hata mimi sijawahi kuinuka vizuri namna ile.

Nikashusha pumzi. Mjomba akakohoa.

"Kumbe unaweza," akasema. "Tena vizuri hivyo, kama binti wa Komunyo ya kwanza. Basi miezi yote hiyo ilikuwa jeuri."

Wale wazee wengine wakaitikia kwa vichwa. Odilia akanigeukia. Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja, wala Mzee Polikarpo na busara zake zote. Siku kumi na sita tulikuwa tumemfundisha kujitia hatiani.

Mtoto mkubwa mlangoni akambadilisha mdogo wake bega.

Nikaenda mbele, nikapiga magoti mahali palepale Odilia alipokuwa amepiga. Nikasema mimi ndiye wa hospitali. Nikasema mkwe wenu alikuwa mgonjwa kweli, na mimi ndiye niliyemkataza kuinama, kuchuchumaa na kupiga magoti, kwa mdomo wangu, bila kumuuliza anaishi wapi wala anamwamkia nani. Alichofanya ni kunitii. Nikasema kwamba nilikuwa mjinga, na neno hilo lilinitoka kirahisi kuliko nilivyotegemea. Kisha nikabaki pale chini kwa kuwa sikujua kama nimeruhusiwa kuinuka.

Bibi Gaudensia alininyooshea kidole.

"Nakukumbuka," akasema. "Siku ile ulinipigia magoti mlangoni, ukainuka, ukaingia ndani kumkataza yeye. Wewe mgongo wako ni wa chuma?"

"Hapana, mama."

"Mh." Akamgeukia Odilia. "Rudia."

Odilia akarudia. Akashuka, akaamkia, akainuka.

"Rudia."

Mjomba akatabasamu, akidhani adhabu imeanza. Mimi pia nilidhani hivyo, nikataka kusema basi, inatosha, ataumia. Ila nilipomtazama Bibi Gaudensia niliona hamtazami Odilia usoni. Anatazama miguu yake.

"Hapo pa kuinuka," akasema. "Rudia polepole. Huo mkono unausukuma wapi?"

"Kwenye paja, mama. Na pumzi naitoa."

Bibi Gaudensia akashika ukuta. Akajisogeza mbele ya kigoda, akarudisha mguu mmoja nyuma, taratibu, akiuma midomo. Nikaona mkono wake unavyotafuta kitu cha kushika, na ndipo nilipomkumbuka yule wa kwenye benchi, na swali la Mzee Polikarpo. Goti likashuka nusu, likakwama. Odilia akamshika kwapani, akamrudisha juu ya kigoda.

"Tangu Pasaka ya mwaka juzi sijapiga magoti kanisani," akasema Bibi, akiwa ameangalia chini. "Wenzangu wote wanashuka, mimi nimekaa kwenye benchi mbele ya Sakramenti. Wanasema mjane wa katekista siku hizi amelingana na Mungu. Nilisikia. Nikaacha waseme jeuri, kuliko kusema kiuno."

Mjomba akaanza kuchunguza viatu vyake naye.

"Ungeniambia," Bibi akamwambia Odilia.

"Na wewe, mama," Odilia akasema kwa sauti ndogo sana, "ungeniambia."

Nilidhani sasa tumekwisha. Bibi Gaudensia akamwangalia, kisha akaanza kucheka, mkono mmoja kiunoni, akisema aih, aih, kwa kila kicheko. Watoto wakaingia ndani bila kuitwa. Hakuna mzee aliyetangaza kwamba kikao kimefungwa. Ugali ulipoletwa tukajua.

Jumatatu yake nilimsimulia Mzee Polikarpo. Aliniacha nimalize yote, mpaka pale pa kwapani, kisha akaanza kuyakunja mablanketi. "Bibi yule ni mzito na ni mwoga," akasema. "Tuanze na tisa." Bibi Gaudensia alikuja kila siku ya soko, akiletwa na Odilia, na Mzee Polikarpo alikataa kabisa kuvaa ile kanga mbele yake. Ilichukua muda mrefu. Sikukuu ya Krismasi nilipata habari kwamba alishuka kanisani pamoja na wenzake, na akainuka wa mwisho kwa makusudi, ili waone vizuri.

Tangu hapo kwenye fomu yangu nilikuwa naongeza mstari kwa mkono, chini ya umri na kazi: "Nyumbani anamwamkia nani, na vipi?" Wakubwa wawili walinihoji kuhusu mstari huo. Vijana mmeshaufuta, maana kompyuta haina nafasi yake. Mtaurudisha siku mwendesha bodaboda mwenye kiuno atakapowajibu, "Poa tu, mama, ni figo, mshikaji wangu kaniambia," wakati usukani wake umewekwa chini mno na anapanda na kushuka mteremko wa Muze amejikunja kutwa nzima. Ulizeni mtu anaishi vipi kabla ya kumkataza kitu. Mzee Polikarpo amelala makaburini sasa, na huko nina hakika amechagua upande wenye kuona njia.

Siku mliyoniaga, mwezi uliopita, mlinunua keki, mkanikalisha kwenye kiti cha plastiki kibaya kabisa, mkasoma hotuba ndefu kuhusu mkao bora. Nilivumilia. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia Odilia, mvi zimeanza, akiwa na mkwe wake mwenyewe nyuma yake. Katikati yao, kwa fimbo na hatua fupi, alikuwa Bibi Gaudensia, ambaye nilidhani dunia ilishamsahau. Kumbe yeye hakuwa amenisahau.

Sikufikiri. Niliweka sahani ya keki chini, nikaenda nikapiga magoti mbele yake kama siku ile ya mlangoni, nikapiga makofi, nikamwamkia, machozi yakinitoka na sikuyaficha. Akaniwekea mkono kichwani. Kisha nikainuka. Nikainuka kwa haraka, kichwa mbele, mgongo umepinda, mkono umeshika meza, kiuno kikalia ka! mbele ya wafanyakazi wote wa idara.

Mlicheka. Nimeandika majina.

Bibi Gaudensia hakucheka. Aligonga fimbo sakafuni mara moja.

"Rudia," akasema. "Mguu wa mbele kwanza."

Nikarudia.